Ndiyo Hali Yake

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka tisa alipoanza kujigonga kichwa ukutani. Upande wa kulia tu, na zaidi usiku. Haongei. Maneno yake ni mawili, "maji" na jina la paka tuliyekuwa naye zamani. Mama alimpeleka kwa shehe wa jirani, akasomewa, akaandikiwa kombe, akanywa siku saba. Ukuta ukaendelea kugongwa. Akampeleka kituo cha afya. Tabibu wa zamu hakuinuka kitini, alimtazama mtoto anavyochezesha vidole mbele ya macho yake, akamwambia mama, "Mama, ndiyo hali yake hiyo. Zoea." Wakarudi na vidonge vya usingizi.

Wiki tatu baadaye muuguzi mmoja alikuja nyumbani kumtazama shangazi aliyekuwa mzazi. Alimwona mtoto, akauliza ameanza lini, akachukua tochi akammulika sikioni. Mle ndani mlikuwa na mbegu ya ubuyu, ule mwekundu wa kumung'unya, imekwama na usaha umeizunguka.

Shehe alisema ni jini. Tabibu alisema ni hali yake. Miaka mingi nilidhani wale watu wawili wanapingana, mmoja wa kale na mwingine wa kisasa. Siku hizi naona walisema jambo lilelile: kwamba lolote litakalompata mtoto huyu lina jibu moja tayari, hakuna haja ya kutazama. Kwa hiyo ninapoyajibu madai yafuatayo kuhusu usonji na ulemavu wa akili, niliyoyasikia msibani, kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, siwajibu waganga peke yao. Wenye makoti meupe nao wamo.

"Ana kitu." Mara chache utasikia mtu akitamka uchawi waziwazi. Watasema mtoto amechezewa, ana kitu, mama yake alikanyaga pabaya akiwa mjamzito. Pwani ya Kenya watakwambia ni nyuni, yaani pepo wa ndege. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wazazi na wataalamu wa pwani hiyo uliyakuta maelezo ya usonji yakiishi nyumba moja: pepo, uchawi na laana huku, maambukizi, matatizo ya uzazi na urithi kule. Simdhihaki anayemsomea mwanawe. Dua ni dua, na mama aliyekesha wiki nzima anahitaji mtu wa kumshika mkono. Ugomvi wangu ni wa siku zinazopotea.

Chukua degedege. Kwa vizazi vingi tumeambiwa ni dege linalompitia mtoto, na kwamba akichomwa sindano akiwa katika hali hiyo atakufa. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo walieleza mwaka 1996 jinsi wazazi walivyoitenga degedege na homa ya kawaida, wakaanzia kwa mganga. Kumbe mara nyingi ile ni malaria kali imeshapanda kichwani, na kila saa inayopita inaondoka na kipande cha ubongo. Mtoto anayepona kwa kuchelewa anaweza kubaki na kifafa, au kupoteza maneno aliyokwisha kujifunza, na jamaa wakasema: mnaona, si tuliwaambia ana kitu? Hapo dai limejitengenezea ushahidi wake lenyewe.

Na kifafa hakikai mbali na watu hawa. Kinawapata wenye usonji na wenye ulemavu wa akili mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, nacho kina dawa. Fenobabitoni ni ya miaka mingi na ya bei ndogo. Kumpunga pepo mtu wa kifafa kwa miezi sita kunagharimu kuku, mbuzi na safari. Na ndani ya miezi hiyo sita ndimo anamoangukia jikoni, kwenye moto.

"Ni ugonjwa wa kizungu, zamani haukuwepo." Zamani halikuwepo neno. Grunya Sukhareva, daktari wa Moscow, aliwaandika wavulana wa namna hii mwaka 1925. Leo Kanner wa Baltimore akaandika juu ya watoto 11 mwaka 1943, naye ndiye aliyepata sifa. Kwa Afrika, Victor Lotter alipita kwenye taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili katika nchi kadhaa, na mwaka 1978 akachapisha kwamba wenye usonji wamo. Mwaka 2006 ikatoka taarifa ya watoto 20 wa Tanzania, ambapo kwa baadhi yao dalili zilianza baada ya malaria kali. Ni watoto wachache, haithibitishi mengi, ila ugonjwa wa kizungu usingesubiri mbu wa kwetu.

Na wale wa zamani tunawajua. Kila ukoo una yule mjomba aliyekuwa akipanga vifuu kwa mstari mchana kutwa, aliyeweza kukuambia siku ya juma ya kila harusi mtaani, asiyetaka kuguswa. Tuliwaita kwa majina ambayo sitayaandika hapa.

"Ni chanjo." Dai hili lina baba na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo linajibika kirahisi kuliko yote. Februari 1998 Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza, alichapisha pamoja na wenzake katika jarida la Lancet makala juu ya watoto 12, akidokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na hali yao. Baadaye ikafichuka, hasa kwa kazi ya mwandishi wa habari Brian Deer, kwamba Wakefield alikuwa akilipwa kupitia wakili aliyetaka kuwashitaki watengenezaji wa chanjo. Jarida liliifuta makala Februari 2010. Mei mwaka huohuo jina lake likaondolewa kwenye daftari la madaktari. Watafiti wa Denmark wakaja kuhesabu watoto 657,461 waliozaliwa kati ya 1999 na 2010, waliochanjwa na wasiochanjwa, na mwaka 2019 wakatoa jibu: chanjo haikuongeza usonji hata kidogo.

Watoto kumi na wawili dhidi ya laki sita na ushei. Lakini naelewa kwa nini hesabu hiyo haimtulizi mzazi. Maneno ya kwanza ya mtoto, na kupotea kwa maneno hayo pale yanapopotea, huangukia umri uleule wa sindano. Macho ya mzazi yameona kimoja kikifuata kingine, na ni kazi ngumu kumwambia mtu asiyaamini macho yake.

Kuna jambo jingine ambalo wasambazaji wa dai hili hawalitaji. Chanjo wanayopewa watoto wa Tanzania na Kenya kwenye kliniki ni ya surua na rubela. Rubela ikimpata mama mjamzito humharibu mtoto tumboni: moyo, macho, masikio, ubongo. Stella Chess wa New York aliwafuatilia watoto 243 walioathirika hivyo baada ya mlipuko wa 1964, na mwaka 1971 akaeleza kwamba usonji miongoni mwao ulikuwa mwingi kupita kawaida. Kwa maneno mengine, sindano inayosingiziwa kuleta usonji inazuia mojawapo ya vyanzo vyake vichache tunavyovijua kwa hakika. Na surua yenyewe, kwa mtoto asiyechanjwa, hupofusha, huziba masikio, na mara nyingine hushambulia ubongo. Anayekimbia chanjo kwa kuogopa ulemavu anaukimbilia.

"Mama yake hamzungumzishi." Miaka ya 1960 Bruno Bettelheim aliwauzia Wamarekani hadithi ya mama mwenye moyo baridi kama barafu. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alimpinga kwa kitabu kizima mwaka 1964, na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakaonyesha kwa jozi 21 za mapacha kwamba urithi una mkono mkubwa. Hadithi ile imekufa huko ilikozaliwa. Kwetu imebadili nguo tu, sasa ni simu, katuni na dada wa kazi. Ndiyo, mtoto anayetazama katuni kutwa huchelewa mengi, zima hiyo televisheni. Ila angalia mpangilio: mtoto ambaye watu wanamchosha ndiye anayekimbilia kioo. Na sijawahi kusikia mtu akiuliza kama baba alikuwa akimzungumzisha.

Sasa nije kwenye dai ambalo halifanani na dai. Haliko WhatsApp, linatamkwa kwa upole na mtu aliyesoma: "Ndiyo hali yake."

Mtu asiyesema hawezi kusema jino linauma. Atalisema kwa mwili. Ataacha kula vitu vigumu, au ataacha kula kabisa. Atauma mkono wake mwenyewe, atavua nguo, atalala sakafuni, atampiga mama anayempenda. Kwa mtu mwingine yeyote mabadiliko ya ghafla ya tabia ni swali. Kwa huyu yamegeuzwa kuwa jibu: kwa nini anapiga kelele? Kwa sababu ana usonji. Ungemwambia nini fundi wa gari anayekujibu kwamba gari linatoa moshi kwa sababu ni Toyota?

Msidhani ni umaskini wetu tu unaosababisha hili. England, yenye huduma ya afya ya bure na madaktari wengi, ilichunguza vifo vya watu wenye ulemavu wa akili, na ripoti ya mwaka 2013 kutoka Chuo Kikuu cha Bristol ikaeleza kwamba wanaume wao walikufa wakiwa wadogo kwa miaka 13 kuliko wanaume wengine, na wanawake kwa miaka 20. Ulemavu wa akili wenyewe haui hivyo. Waliuawa na magonjwa ya kila siku yaliyochelewa kutambuliwa: nimonia, chakula kilichoingia njia ya hewa, kifafa kisichodhibitiwa. Hata choo kigumu, ambacho sisi tunakifanyia mzaha, kimewaua watu kwa kuachwa wiki nzima bila mtu kuuliza.

Mtoto mwenye sindromu ya Down anatoa mfano ulio wazi zaidi. Karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Ndiyo maana ananyonya kidogo na kuchoka, ndiyo maana midomo inabadilika rangi anapolia, ndiyo maana haongezeki uzito. Nimesikia familia zikiambiwa "watoto hawa ndivyo walivyo, dhaifu", na mtoto akarudishwa nyumbani bila kusikilizwa kifua. Lakini nyingi za kasoro hizo hurekebishwa, na Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, inayopasua mioyo ya watoto. Akishavuka hapo, masikio yake hujaa maji mara kwa mara, macho yake huhitaji miwani mapema, na tezi ya shingoni huweza kupungua nguvu hadi akawa mzito wa mwili na wa mawazo. Kipimo cha damu kinaionyesha, vidonge vinarekebisha. Ukishakubali kwamba uzito wa mawazo ndiyo hali yake, kipimo hicho hutakiandika kamwe.

Nisiwaonee matabibu. Mwenye wagonjwa themanini kwenye benchi na mtoto mmoja anayepiga mayowe na kurusha faili hana nafasi ya kuwa mpelelezi. Ila mambo yanayotakiwa si ya gharama. Mwite wa kwanza, kabla kelele za foleni hazijamvuruga. Mwache mama amshike anavyojua yeye. Muulize mama huyo swali moja, "Kipi kimebadilika?", kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu pekee aliyepo chumbani. Kisha mulika masikio, fungua mdomo, bonyeza tumbo, pima mkojo. Na kama hakuna kitu mwilini, thubutu kuuliza nani amekuwa akibaki naye, maana hawa ndio wanaoguswa vibaya na watu wanaojua kwamba siri haitatoka.

"Kuna dawa, tatizo ni pesa." Hili linaniudhi kuliko yote kwa sababu linamlenga mtu aliyeshika shilingi ya mwisho. Maziwa ya ngamia: ni chakula kizuri, mnyweshe akiyapenda, lakini hayaondoi usonji. Dawa za kusafisha madini mwilini zimeua. Mwaka 2005 mtoto wa miaka mitano alikufa Pennsylvania akitibiwa usonji hivyo. Matone ya klorini dioksidi, ambayo ni ndugu wa jiki kwa jina la kupendeza, yameuzwa kwa wazazi duniani kote wawanyweshe watoto au wawaingizie kwa nyuma, na vile vipande vinavyotoka chooni, wanavyoambiwa ni minyoo, vinaweza kuwa utando wa utumbo wa mtoto mwenyewe. Inayosaidia ni kazi ya polepole: mtaalamu wa matamshi akipatikana, picha za kuonyesha anachotaka, ratiba isiyobadilika, kufundishwa kuoga hatua kwa hatua kwa miezi.

Dawa za hospitali nazo zina mipaka. Risperidoni hupunguza hasira na kujiumiza kwa baadhi yao, lakini usonji wenyewe haiutibu, na ikitolewa ili wodi itulie basi ni kamba ya kemikali. Wataalamu wa England walikadiria mwaka 2015 kwamba watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wakimezeshwa dawa za akili bila ugonjwa unaozihitaji. Oliver McGowan, kijana wa miaka 18 mwenye usonji na kifafa, alifariki mwaka 2016 baada ya kupewa mojawapo, ingawa yeye na wazazi wake walikwisha sema asipewe. Jina lake ndilo linalobebwa leo na mafunzo ya lazima wanayopewa wahudumu wa afya wa huko, chini ya sheria ya mwaka 2022.

"Bora akae kituoni, wataalamu wamtunze." Wanaosema hivi wengi wao wana huruma. Nawaomba watazame vituo vyenyewe. Winterbourne View, karibu na Bristol, ilitoza wastani wa paundi 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Mei 2011 BBC ilionyesha picha zilizopigwa kwa siri za wahudumu wakiwapiga, wakiwaburuta na kuwamwagia maji watu wenye ulemavu wa akili. Kumi na mmoja walitiwa hatiani, sita wakafungwa. Pesa haikuwa tatizo pale. Tatizo lilikuwa mlango uliofungwa na ndugu wanaoishia chumba cha wageni.

Lakini pia msije mkafungua mlango tu mkaondoka. Gauteng, Afrika Kusini, serikali ya jimbo ilivunja mkataba na vituo vya Life Esidimeni ili kubana matumizi, na kufikia 2016 ikawa imewahamishia wagonjwa wa akili na wenye ulemavu wa akili kwenye mashirika madogo yasiyo na leseni halali wala uwezo. Watu 144 walikufa, wengine kwa njaa na kiu. Jaji Dikgang Moseneke alitoa uamuzi wake juu ya vifo hivyo mwaka 2018. Walioandaa mpango ule walitumia lugha nzuri kabisa ya kuwarudisha watu kwenye jamii.

Kati ya kituo na kamba kuna nini kwetu? Maana kamba ipo. Nawajua akina mama wanaomfunga mtoto mguu kwa kipande cha kanga kwenye tendegu, wanaenda shamba, wanarudi mchana mbio kumlisha. Usimwite katili kabla hujauliza ulikuwa wapi asubuhi ile. Anachohitaji ni mahali pa mchana, pa kutembea kwa miguu, na mwalimu aliyefundishwa. Kitengo cha usonji ndani ya shule ya kawaida, kama kile cha City Primary jijini Nairobi, kinampa mama saa sita za kufanya biashara. Chuo cha Patandi, Arusha, kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Mwalimu mmoja wa pale akipangiwa kijiji chenu, kamba tano zinafunguliwa. Kenya hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ni kidogo hadi aibu, lakini ni kukiri kwamba kazi ya mama huyo ni kazi.

"Akikua itaisha." Na pacha wake: "Hawa hawaishi sana." Mdogo wangu amekua. Ana ndevu, mama humnyoa kila Ijumaa, na haijaisha. Mama ana sukari na magoti mabovu. Tunalijua sote swali linalokaa nasi mezani, hatulitamki.

Tulichofanya ni daftari. La kawaida, la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Jina lake, dawa za kifafa na vipimo vyake, kisha mambo yake: Usimshike kichwani bila kumwonyesha mkono wako kwanza. Akitingisha funguo ana furaha. Sindano, mkono wa kushoto, akiwa ameshika kikombe. Mwaka jana aliugua mama akiwa kalazwa, nikawa mimi niliyempeleka, na nilichelewa kuegesha pikipiki. Nilipoingia nilimkuta tabibu kijana ameshaliomba daftari, analisoma amesimama. Akamtazama mdogo wangu, akatazama tena ukurasa.

"Dada," akaniuliza, "hii fulana ya pili ameivaa lini?"

Nilikuwa sijaiona. Iko pale, mstari wa tatu, kwa mwandiko wa mama: Akiumwa tumbo huvaa fulana mbili.